Fisi wa Ukutani

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio na ndoo, nikaambiwa, "Bi Zuhura, hapa mtoto asisikie harufu ya dawa." Nikacheka! Hospitali isinuke dawa? Lakini ndivyo walivyotaka wakubwa, wajukuu zangu. Kliniki mpya ya watoto, njia ya Hombolo huko, ya kutibiwa na kurudi nyumbani, hakuna kulazwa. Mabenchi mafupi, mizani kama beseni la kuogea, uwanja wa kuchezea. Ilipendeza jamani!

Mganga mfawidhi, ndiye mkubwa wa kituo, akaleta mchoraji kutoka Dar. Akachora twiga, akachora tembo, na mlangoni kabisa fisi kavaa koti la daktari, anachekelea meno yote nje. Mimi mtoto wa Kondoa mjini nikampenda yule fisi. Kila asubuhi nampangusa uso.

Basi akaja mama mmoja wa Kigogo, mtoto mgongoni anachemka, degedege limeshamwanza. Kufika mlangoni akasimama. Akageuka. Nikamkimbilia.

"Mama, unakwenda wapi na mgonjwa?"

"Nimpeleke mwanangu kwa fisi?"

"Rangi tu ile!"

Akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe unayekaa naye humo ndani, ni nani?"

Fisi ndiye punda wa wachawi, humpanda usiku, nani asiyejua? Tulijua wote. Alipovaa koti tukasahau. Nikamshika kitenge, akajichomoa, akaenda zake. Jioni wakarudi, baba ndiye kambeba mtoto. Daktari akamfunua, akamfunika tena.

Mganga mfawidhi alimpaka chokaa yule fisi kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaenda msibani, nami nyuma yake. Akakaa chini, akauliza, "Mama, pale mlangoni tuweke nini?"

Hakuinua uso. "Mtu," akasema.

Kesho yake nikanyang'anywa ufagio, nikawekewa kiti mlangoni. Kazi yangu ikawa kusalimia. Mbukwenyi, mama! Lete huyo mtoto, pumzisha mgongo! Na huyu mbona mashavu kama maandazi? Hivyo hivyo mpaka nikastaafu. Raha tupu, sisemi uongo.

Wenzangu hunicheka, eti kusalimia nako ni kazi? Nawaacha wacheke.

Yule mama alizaa tena, wawili. Kliniki hakuwaleta. Alikuwa akipita ng'ambo ya barabara na kuni zake kichwani, namwita, "Mbukwenyi!" Ananiitikia vizuri tu, bila kusimama.