X Tatu kwenye Kibanda Kimoja

Saikolojia nilijifunza peke yangu, kwa kitabu kisicho na jalada nilichokinunua Migori mjini na kwa majaribio ya tabia kwenye simu. Jaribio moja nililirudia mara nne, nikihofia nimekosea kujieleza. Mara zote nne liliniambia kwamba mimi ni mtu makini, mpole, mwenye kuheshimu utaratibu. Kitabu nacho kilisema watu wa aina hiyo huwatii wakubwa kwa urahisi. Nilifurahi sana. Tangu siku hiyo, kila nilipotii jambo la kipumbavu, nilikuwa na sababu ya kisayansi.

Kisha nikapata kibarua cha kupaka rangi karibu na Ndhiwa. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na kila kibanda kilichosimama kwenye ardhi ya barabara kilipaswa kupakwa X nyekundu, halafu trekta ije ikibomoe. Tulikuwa watatu: bosi, kijana wa Ntimaru aliyeshika tepu ya kupimia, na mimi mwenye brashi. Nilitembea na rula. X zangu zilikuwa na mikono sawa, na rangi haikutiririka. Yule wa Ntimaru alinicheka, akasema napaka kana kwamba wenyewe watazitundika sebuleni.

Yeye alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Alibishana na bosi kuhusu mpira, kuhusu siasa, hata kuhusu kama mvua itanyesha. Kwa kitabu changu, huyo hakuwa mtu wa kutii.

Karatasi ya maagizo ilisema tupime kuanzia katikati ya barabara. Niliisoma mara tatu. Lakini jua lilikuwa kali na pikipiki zilipita kwa kasi, kwa hiyo bosi akaamua tuanzie pembeni mwa lami. Kwa vibanda vingi haikuleta tofauti. Vilikuwa barabarani waziwazi. Ni kimoja tu, cha mama aliyetupikia chai na mandazi kila asubuhi, kilichoingizwa ndani ya ardhi ya barabara na zile hatua chache.

Mama huyo ni Msabato mwenye sauti ndogo, mtu wa kuomba radhi hata unapomkanyaga wewe. Nilikuwa nimeshamweka kwenye kundi langu. Aliitazama tepu, akamwacha bosi, akanigeukia mimi.

"Nyathina, mwanangu, pimeni tena. Anzieni pale katikati."

Nilijua anasema kweli. Mbishi wetu pia alijua. Alinitazama, kisha akajishughulisha na kukunja tepu. Bosi alisema bila hasira, "Wewe paka. Mambo ya kupima niachie mimi."

Nikapaka. Mama akaleta kitambaa chenye mafuta ya taa, akaifuta rangi kabla haijakauka, polepole, kama anayefuta meza. Bosi akaniamuru nirudie. Nikarudia, akafuta. Mara ya tatu alinisogezea stuli.

"Panda, usije ukaipindisha."

Naona aibu kusema kwamba nilipanda, na kwamba hiyo ndiyo X nzuri kuliko zote nilizowahi kupaka. Hiyo hakuifuta.

Siku ya trekta sikuwepo. Yule wa Ntimaru alinisimulia kwamba mama alisimama katikati ya barabara, pikipiki zikimkwepa, akamwomba dereva kwa sauti yake ileile ndogo ashuke apime kutoka alipokanyaga yeye. Hakutoka mpaka dereva aliposhuka akapima. Kibanda kilikuwa nje kwa hatua mbili, na trekta ikakipita.

Nilirudi kwenye kitabu kumtafutia ukurasa wake. Sikuupata. Kurasa za mwisho zimeng'oka, nikajiambia labda yumo humo.

Baada ya wiki mbili nilikwenda na kopo la thina ya kuyeyushia rangi na kitambaa kuiondoa alama yangu. Mama alikuwa akikaanga mandazi. Alivitazama nilivyovishika.

"Nani amekutuma?"

Nilimwambia hakuna. Aligeuza mandazi upande wa pili, akaendelea na kazi yake. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya ile X, kifuniko cha thina mkononi. Chai ya wateja wawili iliisha, mandazi yakaiva, yakatolewa, mengine yakatiwa. Hatimaye alinihurumia.

"Haya, futa basi."

Hapo ndipo nilipoanza kufuta.