Anayesikiliza Mlangoni mwa Tangi

Sisi tunaopaka rangi ndani ya matangi ya mafuta tunamwita Dada Masikio. Kazi yake ni kukaa nje, kwenye tundu la kuingilia, ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa aliye ndani. Kabla hujaingia anakupitishia kidole ukingoni mwa barakoa, polepole, kama mama anayempangusa mtoto uji. Akigusa ndevu hata za jana, anakurudisha ukanyoe, maana hapo ndipo mvuke wa rangi unapopenyea. Fundi mkuu mwenyewe alisharudishwa. Alinuna, akanyoa. Kisha Dada Masikio hufumba macho, anainamisha kichwa, na ukimsemesha hakujibu.

Juzi aliyekuwa ndani ni shemeji yake, mtu mkimya hata salamu anaibania. Ghafla tukamsikia anaimba. Sauti ilizunguka ndani ya chuma, tamu ajabu, tukaangua kicheko: “Kumbe shemeji ana kipaji!”

Dada Masikio alikuwa ameshafumbua macho. “Huyo amelewa mvuke! Vuteni!”

Kamba ilikuwa tayari imekaza mikononi mwake. Tulimtoa bado anaimba, miguu imelegea, mrija wa hewa umechomoka kwenye barakoa. Alipozinduka, alilalamika kwamba tumemkatiza.

“Utaniimbia nyumbani, shemeji,” alimwambia, akimfuta jasho.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu. Nilimpa uso wangu. Kidole chake kilizunguka, kikasita kidevuni, pale nilipojikata asubuhi nikinyoa mara ya pili.