Picha Aliyoifuta Bi Tulia

Macho hayana pazia, walisema wahenga, na watu wameishika methali hiyo kama ruhusa ya kumkodolea yeyote aliyekosa mlango wa kufunga. Bi Tulia haikubali. Macho yake yana pazia, na halifunguki mpaka mwenye sura aseme ndiyo.

Asubuhi hii amechuchumaa mbele ya mzee mmoja anayekunja boksi alilolalia, kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi. Kamera inaning'inia kifuani. Mikono yote miwili ameiweka magotini, mbali nayo, na anafanya hivyo makusudi.

"Umeamkaje, baba?"

"Nimeamka. Hilo peke yake ni habari njema."

"Nikupige moja?"

Mzee anajipangusa uso kwa kiganja. Anaangalia barabara, kisha boksi. "Na hili litaonekana?"

"Ukitaka, litaonekana. Hutaki, halipo."

"Lisionekane. Lina tangazo la sabuni, watu watadhani nami nauzwa."

Wanacheka wote wawili. Bi Tulia anainua kamera, anatamka neno lile lile lililompa jina mtaani, "Tulia," na picha inapatikana.

Maduka yanapofunguliwa, yeye huwa ameshatandaza kituo chake pembeni mwa njia: kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye nondo za dirisha kwa ajili ya picha za pasipoti, stuli moja, printa ndogo inayokula betri, na kamba yenye vibanio vya nguo. Wapita njia huwapiga picha wakiridhia, akazitundika kambani, nao wakirudi jioni huzinunua. Siku njema wateja hufika kumi na wawili. Siku ya mvua, hata bei ya karatasi hairudi.

Wanaolala barazani hawalipi. Hao huchapishiwa nakala mbili. Moja wanakabidhiwa ikiwa imefungwa kwenye nailoni, ya pili inabaki kwenye sanduku la mbao chini ya stuli yake.

"Mtu asiye na ukuta ataitundika wapi picha yake?" anauliza. "Ikimlowea au ikiibwa pamoja na begi, anajua iko kwangu. Wapo wanaokuja kuiomba waitazame kidogo, kisha wananirudishia."

Mshona viatu, jirani yake wa miaka mingi, hachoki kumtania.

"Bi Tulia, wewe ni mpiga picha au mfungisha ndoa? Mpaka mtu atamke kuwa amekubali!"

"Na wewe, viatu unavivua miguuni mwa watu bila kuwauliza?"

"Mimi nikiuliza sana, mteja anaondoka peku."

Wengine mtaani humwona mjinga. Wapo wapiga picha vijana wanaopita na lenzi ndefu kama bomba la maji, wakanasa mtu akiwa usingizini, mdomo wazi, nzi juu ya paji, na picha hiyo ikashinda tuzo huko kusikojulikana. Aliyelala haambiwi kitu.

Bi Tulia anaijua njia hiyo inakoishia. Alipokuwa msichana, mama yake aliugua akalazwa sakafuni wodini kwa kukosa kitanda. Akapita mgeni na kamera. Mwaka uliofuata mama huyo, mzima wa afya, ameshaanza tena kushona nguo za watu, alijikuta kwenye kalenda ya kuchangisha fedha, ukurasa wa Machi, kanga imemteleza, mate yamemkauka kwenye shavu.

"Kalenda ile ilitundikwa kila ofisi," anasema Bi Tulia. "Wateja wake walimpelekea vitambaa huku wakimwonea huruma. Alikuwa fundi hodari, lakini kila alipopita, watu walimwona yule wa Machi. Alikufa akiwa yule wa Machi."

Ndipo ikazaliwa sheria yake. Anayekataa hapigwi. Aliyeingia kwenye picha kwa bahati mbaya huonyeshwa, na asipoitaka, inafutwa mbele ya macho yake.

Sheria hiyo haikuwahi kumtesa mpaka alipokuja Bwana Kesho.

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la kahawia, aliyelala baraza ya tatu kutoka kona. Jina hilo alipewa kwa sababu ya jibu lake. Bi Tulia akimuuliza kama ampige, yeye husema, "Kesho, dada. Nikishakuwa mtu." Alisalimia kwa adabu, aliwafagilia wenye maduka mabaraza yao, na alijua kucheka. Lakini picha hakutaka. Alimweleza Bi Tulia mara moja tu kwamba kwao wanaamini yuko kazini, na siku sura itakapomrudia atapiga picha moja nzuri, aitume, kisha aifuate mwenyewe.

Siku moja muuza chai alitaka picha ya kuwapelekea wakwe. Akajipanga na birika lake, kifua mbele. Mshona viatu naye alikuwa akimsimulia Bwana Kesho kisa cha mteja aliyeleta viatu viwili vya mguu wa kushoto akadai vibadilishwe soli tu. Bi Tulia alipobofya, Bwana Kesho alikuwa nyuma kabisa, amekiinua kichwa, anacheka kwa uso mzima.

Kwenye kioo kidogo cha kamera, muuza chai aligeuka kuwa pambo. Picha ilikuwa ya yule wa nyuma.

Bi Tulia alimpelekea Bwana Kesho. Naye akaitazama muda mrefu.

"Nani huyu kanivisha ndevu hizi?" akauliza. Kisha, taratibu: "Ifute, dada."

"Yote?"

"Yote. Kesho."

Bi Tulia akaifuta, mwenyewe akiona. Muuza chai alilalamika mpaka chai ikapoa. "Jamani, pale nilikuwa nimependeza! Sasa uso ule wa kuwapelekea wakwe nitautoa wapi tena?"

Bi Tulia anapoikumbuka, sauti hushuka. "Tangu nianze kazi hii sijapiga picha iliyofanana na ile. Jino lililotoka upande wa kushoto, kovu dogo juu ya nyusi, kola imegeuka ndani nje. Naiona yote. Sina, lakini naiona."

Majuma machache baadaye ulitangazwa ugeni mkubwa mjini, na askari wakaja na malori kusafisha mabaraza. Waliolala hapo walibebwa pamoja na mablanketi yao. Siku zilizofuata walirudi mmoja mmoja, kwa miguu, wengine wanachechemea. Bwana Kesho hakurudi. Mmoja alisema aliteremshwa njiani akiwa anatapika. Mwingine alisema alipelekwa hospitali, hakumbuki ipi.

Kisha akaja dada yake.

Alikuwa mwanamke mwenye mkoba mkubwa na picha moja ndani yake: kijana wa mashavu ya kujaa, shati jeupe, kalamu mfukoni. Alikuwa ameshaizungusha kwenye hospitali na vituo vya polisi, na kote alijibiwa vilevile: huyu ni kijana wa zamani, tuletee picha ya sasa. Mtu akamwelekeza kwa Bi Tulia.

"Dada, nimeambiwa mtaa huu hakuna mtu ambaye hujampiga."

"Yupo mmoja," akajibu Bi Tulia.

Akamfungulia sanduku hata hivyo. Mgeni alizipitia sura zote za barazani, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Hapo ndipo muuza chai, kwa nia njema na mdomo mwepesi, akasema, "Si ilikuwepo ile uliyoifuta? Ile aliyocheka nyuma yangu?"

Mtaa mzima ulimgeukia Bi Tulia, anakumbuka mshona viatu. "Hata mimi niliacha nyundo hewani."

"Uliifuta?" yule dada aliuliza.

"Aliniambia niifute."

"Mtu hana kitanda, hana hata kioo cha kujitazama, halafu wewe ndiye unamsikiliza?"

"Ndiyo maana nilimsikiliza, mdogo wangu. Hakuwa amebakiwa na kitu kingine anachoweza kukikataa."

"Umenifutia ndugu yangu," alisema, akaketi kwenye stuli ya wateja, kitambaa cheupe nyuma yake, akalia. Akamtaka Bi Tulia amwombe radhi. Bi Tulia hakuomba. Alikunja kitambaa, akafunga sanduku, akamwambia mshona viatu amwangalizie vitu.

"Inuka twende."

"Wapi?"

"Hospitali. Wao wanataka picha. Picha yenyewe ni mimi."

Tangu hapo hufunga kituo mapema siku mbili kila juma, na wateja wa pasipoti wameshazoea kwenda kwingine. Wanawake hao wawili wameshazunguka wodi, masoko, vituo vya kuhifadhi wasio na makazi, na chini ya madaraja. Dada huuliza, Bi Tulia hutazama sura. Mara moja waliliona koti la kahawia likikata kona, wakalikimbilia mpaka pumzi zikawaishia. Aliyelivaa aligeuka. Alikuwa mtu mwingine, na alikuwa amelinunua mitumbani.

"Sikulala vizuri siku hiyo," anakiri Bi Tulia. "Nilijiuliza, ningeificha picha ile moja tu, nani angejua? Ningejua mimi. Naye angelala jirani na mwongo kila siku bila kufahamu."

Alhamisi hii wamemaliza wodi za hospitali ya sita. Dada amekaa kwenye benchi la saruji nje ya geti, amevua viatu, anajisugua nyayo. Matumaini yao sasa ni nyumba moja ya watawa nje ya mji, inayopokea wagonjwa wasio na ndugu. Watakwenda Jumapili. Bi Tulia ameshaomba lifti ya lori la mchanga.

"Tukimkuta, utafanya nini?" anauliza dada.

"Nitamsalimia. Halafu nitamuuliza kama naweza kumpiga."

"Na akikataa tena?"

"Nitashusha kamera. Wewe utakuwa umempata, picha ya nini?"

Dada anatabasamu bila kupenda, kisha tabasamu linaondoka. "Unajua ungeiacha ile, tungekuwa tumeshampata."

"Najua."

"Na huenda tunamtafuta marehemu."

"Hilo nalo najua. Linaniuma kuliko unavyodhani."

"Basi niombe radhi. Mara moja tu, dada, nami nipumue."

Bi Tulia anainama, anamsogezea viatu, anamshika mkono na kumwinua.

"Nitatembea nawe mpaka soli ziishe. Ukilia nitalia nawe. Lakini radhi sikuombi."