Shafti ya Mashine ya Kahawa

Mama alishuka kutoka kijijini kwetu Mkuu asubuhi, akaja karakanani ninapofanya kazi, mkono mmoja ameshika trei ya mayai, mwingine shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka, iliyokatika vipande viwili, kaifunga kwenye kanga. Mashine yake ya kumenya kahawa ilikuwa imemgomea katikati ya mavuno. Kahawa mbivu aliyoichuma jana yake ilikuwa imejaa kwenye mabeseni, na isipomenywa siku ile ingeharibika yote.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Zamani shafti kama ile ilipita mikono mitatu karakanani kwetu: mimi nakereza, mwenzangu anatoboa, mwingine anachonga mfereji wa kuingizia kabari, na kila ikifunguliwa na kufungwa upya inaweza kukaa upande. Sasa tunayo mashine ya kompyuta inayofanya yote hayo yenyewe. Nilipima vile vipande, nikaingiza vipimo, nikafunga chuma mara moja tu, nikafunga na mlango wa mashine.

Tatizo letu lilikuwa bosi. Mzee wa watu amekulia kwenye mashine za kuzungusha kwa mkono, na hawezi kukiamini chuma asichokigusa. Alisogea, akafungua mlango, na mashine ikasimama papo hapo, maana ndivyo ilivyoundwa. Nikaiwasha. Akafungua tena.

"Naangalia kisu tu, binti."

"Mzee, kahawa ya watu inaoza!" Nilipandisha sauti kweli, wala sijutii.

Mama alimwendea kwa adabu zote. "Baba, sisi hatuji mikono mitupu. Pokea mayai haya."

Akampa trei kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Kila alipotafuta pa kuiweka, Mama alimuuliza habari za watoto, kisha za migomba, kisha za ng'ombe. Nikafunga mlango, nikaiwasha mashine, naye hana mkono wa kuufungulia; nilicheka mpaka machozi. Nyuma yao mashine ilikereza, ikatoboa, ikachonga, na shafti ikatoka inang'aa, ina joto kidogo.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu. Nikaipachika, nikashika mpini, nikazungusha. Maganda mekundu yakamwagika huku, buni kule. Mama alikimbilia kwenye masale, ile mimea ya ua inayotutenganisha na jirani, akamwita.

"Njoo uone! Mwanangu ameitengeneza kwa mikono yake!"

Nilitaka kumsahihisha, kwamba ni mashine iliyoitengeneza. Lakini nilipomwona anavyofurahi, nikafurahi kumshinda, nikaendelea kuzungusha.