Ndoo Iliyojaa Ndiyo Inayopanda

Sekondari niliipenda zaidi siku za Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku tuliyoruhusiwa kwenda nyumbani. Shule ilikuwa Shinyanga mjini, kwetu ni upande wa Mwadui, na mimi nilianza kulikumbuka jiko la mama kabla hata sijafunga sanduku la kurudi bwenini. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia aliposema atakayeshindwa jaribio la Ijumaa atabaki shuleni kulirudia, niliona bakuli langu la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na maziwa mgando likinipa mgongo.

Swali lilikuwa moja. Kamba imepita juu ya roda; upande huu zinaning'inia kilo tatu, upande ule kilo mbili. Ukiachia, nini kinatokea?

Nilicheka moyoni. Roda! Kisima chetu kilikuwa nayo, kuukuu, inalia kama mtoto: ndoo mbili kwenye kamba moja, hii ikipanda ile inashuka. Nikaandika kwa mwandiko wa kujidai: kilo tatu zinapanda.

Mwalimu akaniita ubaoni.

"Hebu tufafanulie, binti. Kizito kinapandaje?"

"Ndoo iliyojaa ndiyo inayopanda, mwalimu. Tupu inashuka. Kila siku."

"Na nani anavuta?"

"Mama."

Darasa zima likaangua kicheko. Jirani yangu wa dawati alipigapiga meza mpaka wino ukamwagika. Mwalimu alijikaza, akashindwa. "Mama yako," alisema akifuta machozi, "hayumo kwenye mchoro."

Akanipa chaki nijaribu tena. Basi nikamtoa mama kisimani, taratibu, kwa heshima zote. Alipoachia tu kamba nikaona kila kitu: ndoo iliyojaa inarudi chini, tupu inaruka juu. Tatu zinavuta huku, mbili kule. Inayozidi ni moja, nayo lazima izikokote zote tano. Yaani moja ya tano ya mvuto wa dunia, ambao tuliuhesabu kumi.

"Mwendo unaongezeka mita mbili kwa sekunde, kila sekunde," nikasema. "Kilo tatu zinashuka."

"Na kamba inavutwa kwa nguvu gani?"

Nikaugeukia upande wa kilo mbili: ishirini za kuzibeba, nne za kuziharakisha. "Nyutoni ishirini na nne. Pande zote."

Akapokea chaki. "Nenda kwenu. Msalimie mama, mwambie apumzike."

Kesho yake nilimkuta mama palepale kisimani, kamba mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Jaribio je?"

Nikamsimulia yote, nikingoja sifa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nimefutwa?"

"Ni kwenye mchoro tu, mama."

"Haya." Akaniwekea kamba mkononi, akaenda kukaa kivulini na kunyoosha miguu. "Mwalimu kasema nipumzike. Vuta. Na michembe utakula ya kwenye mchoro."

Nilivuta, nikicheka hadi ndoo ikayumba na kunilowesha. Mtungi ulipojaa, bakuli lilikuwa linanisubiri mlangoni, limefurika, na mchoraji wake ameketi pembeni anajidai.