Mwalimu Aliyekataa Kumsamehe Maiti

Pale uani mwa msikiti wetu, kwenye mabomba ya kutawadhia, kushoto kwa jiwe la kulazia jeneza, siku hizi hasimami mtu. Wanaume hujipanga safu, imamu akaanza, na ile nafasi hubaki wazi. Nimewaona watu wakiitazama kwa pembe ya jicho.

Ilikuwa nafasi ya Mwalimu Cevat. Hakuwahi kuswali, na hakuficha. Lakini mtu akifa mjini kwetu alikuja uani, akavua kofia, akasimama pembeni mpaka swala iishe. Kisha imamu alipotugeukia na kuuliza, kama inavyoulizwa kwa kila maiti, "Mlimjuaje marehemu?" naye aliitika pamoja nasi: "Tulimjua kwa wema." "Mnamsamehe haki zenu?" "Tumemsamehe, halali yake."

Jambo hilo halikuwahi kututulia moyoni. Wengine walisema anaamini kwa siri na kiburi ndicho kinachomzuia. Wengine walisema anakuja kufurahia jinsi tunavyopungua. Nilimuuliza mara moja.

"Simwamini wa juu," alisema, "lakini anayeuliza yuko hapa chini, na anawauliza watu. Mimi si mtu?"

Alikuwa mkata vioo. Zamani alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na baba mmoja, Feyzullah, wakati huo hajawa Haji, alisimama uani baada ya Ijumaa akatangaza kwamba Cevat amekanyaga msahafu mbele ya watoto. Ulikuwa mwaka ule wanajeshi walipotwaa serikali, na tuhuma zilitembea kasi kuliko watu. Cevat alifutwa kazi, hakufundisha tena maisha yake yote. Akafungua duka la vioo. Hata vioo vya madirisha ya msikiti alivikata yeye, na kina mama wakanong'onezana kama mwanga unaopita kwenye kioo cha asiyeamini unafaa kusomea Kurani.

Haji Feyzullah akafa mwezi wa kuvuna zeituni. Uani tulijaa. Imamu Yakup, kijana mwenye sauti nzuri, akauliza swali la kwanza, tukajibu. Akauliza la pili, tukaitika, na sauti zetu zilipokwisha ikabaki moja.

"Mimi sijamsamehe."

Haikuwa sauti ya hasira. Imamu akauliza tena, haraka, kama mtu anayefunika chungu kinachofoka. Sauti ikarudi vilevile. Vehbi, mtoto mkubwa wa marehemu, aligeuka akiwa mweupe kama sanda. Tulizika, lakini tulizika huku tukitazamana.

Jioni ile nilikuwa dukani kwa Mwalimu nikingoja kioo cha dirisha langu. Vehbi akaingia bila salamu.

"Umeridhika? Mzee wangu yuko chini ya udongo na deni lako shingoni."

"Kaa, mwanangu. Unywe chai."

"Chai ya nini? Wewe huamini kwamba kaburini kuna maswali. Pepo huiamini, moto huuamini. Neno lile kwako ni upepo tu! Lingekupunguzia nini?"

"Lingekuwa upepo ningelisema."

"Unatupiga kwa fimbo yetu wenyewe."

Mwalimu aliweka chini kikatio chake. "Ninyi mna mahakama mbili, Vehbi. Ukidhulumiwa hapa unangoja ile ya pili. Mimi ninayo hii moja, iko uani kwenu, na swali limeulizwa. Nikijibu uongo, kesi yangu imekwisha. Nitakata rufaa kwa nani?"

"Basi unataka nini?"

"Baba yako alisema maneno yale kwa sauti, uani. Yarudishwe palepale, kwa sauti. Wewe ulikaa dawati la mbele darasani mwangu. Unajua ulichokiona."

Vehbi aliangalia sakafu. "Nimwaibishe maiti?"

"Wewe ndiwe unayeamini kwamba bado anasikia."

Akatoka akiuacha mlango wazi. Mimi nililipia kioo changu nikaenda zangu, nikijiuliza ni nani kati yao anayemtega mwenzake.

Vehbi alikwenda kwa imamu kutafuta njia nyingine. Imamu Yakup mwenyewe alitusimulia baadaye kwenye mkahawa wa chai. Vehbi aliuliza kama hakuna dua, sadaka, khitima.

"Haki ya Mungu nitamwombea msamaha," imamu alimwambia. "Haki ya mja iko mkononi mwa mja."

"Hata mja asiyeamini?"

"Hata huyo. Tena huyo ndiye mgumu, maana hana cha kuogopa."

Ijumaa iliyofuata, tulipokuwa tukivaa viatu, Vehbi alipanda ngazi ya uani.

"Baba yangu alisema uongo," alisema. "Nilikuwa darasani. Paa lilivuja. Mwalimu alipanda juu ya dawati kuutoa msahafu rafuni usilowe. Hakuukanyaga."

"Shuka, Vehbi! Msitiri mzazi wako!" mtu alipiga kelele.

Hakushuka. Mwalimu Cevat, pale kwenye mabomba, alivua kofia.

"Feyzullah," alisema, "halali yako."

"Mmesikia?" Rüstem mwokaji mikate alinibonyeza ubavu. "Anaongea na maiti! Si nilisema anaamini?"

"Anaamini wapi, bwana. Anatucheka," alidakia mwingine nyuma yetu.

Tungeweza kuishia hapo na kumheshimu. Lakini watu waliingiwa na hofu ya aina nyingine. Kila nyumba ilianza kukumbuka ilivyomtendea Mwalimu. Wenye wagonjwa walipita dukani na bakuli za mtindi: "Mwalimu, mzee wetu hana neno nawe, sivyo?" Wengine walimwambia, kwa upole wenye miiba, kwamba baridi imezidi, asijisumbue kuja mazikoni. Imamu alipouliza lile swali, vichwa viligeuka kwanza kwenye mabomba ndipo midomo ikafunguka, na jibu letu lilitoka jembamba, la watu wanaofikiri. Nadhani hilo ndilo ambalo hatukumsamehe. Tulikuwa tumezoea kujibu bila kufikiri.

Vehbi alitengwa na ndugu zake wote. Aliendelea kwenda dukani, mchana kweupe, na chai alikunywa.

Usiku mmoja kioo cha mbele cha duka kilivunjwa. Mwalimu alikata kingine. Kilipovunjwa tena, alipigilia ubao, akamwita binti yake aje amchukue.

Mwalimu Cevat sasa anaishi mji wa Bandırma kwa Neslihan, binti yake, ghorofa ya tatu, nyuma ya soko la samaki.