Mume Wangu Alisema Haitashuka

Mume wangu alikuwa fundi wa karabai, zile taa za mafuta na pampu ambazo wavuvi wa dagaa huzifunga kwenye mitumbwi. Usiku wa giza taa huwaita dagaa juu. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawana shida na taa ya mtu, na wavuvi hulala nyumbani. Hilo analijua kila mtu wa Kigoma. Mume wangu ndiye peke yake niliyemsikia akilipeleka kwenye mpira.

Timu yetu ya Gungu ilikuwa ligi daraja la kwanza, na karibu nusu ya wachezaji walikuwa wavuvi. Mume wangu alisema ratiba inapangwa Dar es Salaam na watu wanaodhani mwezi ni wa kuhesabia mshahara tu. Yeye alikuwa na ratiba yake kichwani. Mechi ikiangukia mbalamwezi, tunashinda au tunatoka sare. Ikiangukia giza, vijana wanatoka ziwani alfajiri, mchana wanaingia uwanjani, na kipa anasinzia ameegemea mlingoti. Kocha alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Kilimanjaro. Hakuyajua haya, na wachezaji hawakumwambia kwa kuogopa kuwekwa benchi. Kila giza likiingia aliwapeleka wote zahanati wakapimwe malaria.

Mimi darasa la saba sikulimaliza, lakini mpira niliujua, na tulibishana miaka yote ya ndoa yetu. Yeye aliamini mwezi, mimi niliamini miguu. Beki wetu wa kati, nilimwambia, hakimbii, anahama nyumba.

"Sawa," alisema, "lakini anayehama hubeba kila kitu, na mpira humo humo."

Winga wetu wa kushoto alitoka ng'ambo ya ziwa. Ilikuwa miaka ya wakimbizi, malori yakipita Kidahwe mchana kutwa kwenda makambini, na kijana huyo alikuja mjini kwa kibali cha siku moja. Lori la kumrudisha kambini lilimsubiri nje ya uwanja. Likipiga honi, alivua jezi palepale akakimbia, hata kama mpira ulikuwa mguuni kwake. Kwa hiyo tulikuwa na winga wa kipindi cha kwanza. Mume wangu alimwita dawa ya kutwa mara moja. Mimi nilisema timu inayotegemea dereva wa lori itashuka daraja.

"Haitashuka," alisema.

Angeniambia mimi tu, yasingekuwa makubwa. Alisema kijiweni kwa muuza kahawa, akasema sokoni, na Ijumaa moja akasema mlangoni mwa msikiti watu wakivaa viatu: "Mechi ya mwisho iko mbalamwezi, na sisi tunahitaji sare tu. Haishuki. Ikishuka, niiteni mwongo mpaka kaburini."

Mvua ikakata reli. Timu ya wageni ikalala njiani huko upande wa Tabora, na mechi ikaahirishwa. Siku hizo hizo mume wangu akaumwa kichwa, akapelekwa hospitali, hakurudi. Alifariki kabla ratiba mpya haijatangazwa. Ilipotangazwa, mechi iliangukia siku ya tatu ya msiba wake, giza totoro.

Sikulia. Nilikaa kwenye mkeka chumbani, wanawake wamenizunguka, na nje wanaume wamekaa chini ya turubai la buluu la msaada wa wakimbizi, kama yalivyokuwa maturubai yote ya Kigoma wakati ule. Watu walidhani nimeshikwa na bumbuazi. Nikisema kweli, kilichonisumbua ni lile neno lake. Jioni ile timu ingeshuka, na kijiweni wangemwita mwongo, naye alikuwa amewaruhusu mwenyewe. Wa kumtetea nilikuwa mimi, na mimi sikuwahi kuamini.

Baada ya hitima akaingia mtani wetu, mama mmoja wa Kinyamwezi mwenye mwili na sauti. Sisi Waha na Wanyamwezi ni watani, na mtani msibani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Alikuwa amevaa koti la kazi la mume wangu, lile lenye kunuka mafuta ya taa, na kofia yake ameivuta mpaka kwenye nyusi. Akatembea kama yeye, kiuno kimekakamaa, akasimama mbele yangu.

"Mke wangu!" alisema kwa sauti nene. "Mbona umenuna? Nimetoka kidogo tu, umeshajaza wanawake ndani."

Wanawake wakaziba midomo kwa kanga.

"Leo mechi. Waambie hawa. Itashuka, haitashuka?"

Shangazi wa marehemu akanong'ona, "Mwambie haitashuka, mwanangu. Mfurahishe."

Lakini mimi kusema uongo sijui, hata kwa koti.

"Itashuka," nilisema. Lilikuwa neno langu la kwanza tangu mazishi.

"Unasema?"

"Itashuka, mume wangu. Mwezi wako umeisha. Leo ni giza. Kwa hesabu zako mwenyewe vijana wametoka ziwani asubuhi hii, na kipa saa hizi anaota."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Bibi mmoja alicheka mpaka akapaliwa, akapigwa mgongoni.

"Mwaona mwanamke huyu?" mtani akawauliza. "Nimekufa, bado ananibishia!"

Uwanja haukuwa mbali na kwetu. Mechi ilipoanza kelele zikawa zinaingia dirishani, na wanawake waliokuja kunifariji wakageuka watangazaji.

"Hiyo kona."

"Kona gani? Hiyo ni ya kumzomea refa. Ya kona huanza chini ikapanda."

"We umejuaje? Kwenu Kalinzi mnalima kahawa tu."

"Na nyinyi mnaokaanga samaki wa migebuka ndio mnajua kona?"

Kisha ukaja ukimya mbaya, na ndani yake makofi machache. Hakuna aliyehitaji kutafsiri. Wageni walikuwa wamefunga. Mtani akaketi karibu yangu kwa mara ya kwanza, koti likamjaa mapajani. Baadaye tukasikia honi ndefu, na shangazi akasema, "Dawa imekwisha."

Nilianza kupanga moyoni nitakalowaambia watu wa kijiweni. Nilitaka kusema alikuwa mgonjwa alipoahidi. Hakuwa mgonjwa. Nilitaka kusema alikuwa anatania, lakini kwenye mpira hakutania hata siku moja. Nilikuwa bado sijapata la kusema wakati kelele ilipopanda kutoka uwanjani, ndefu kiasi kwamba hata wanaume chini ya turubai waliinuka, na imamu akasahau kuwaambia waketi.

Mechi ilipoisha wachezaji walikuja msibani moja kwa moja, matope mpaka magotini, wakasimama mlangoni wasijue kama wanaruhusiwa kutabasamu.

"Shikamoo mama," alisema kipa.

"Marahaba. Enhe?"

"Moja moja, mama. Tumebaki."

"Kafunga nani?"

Wakamsukuma mbele beki wa kati. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyevunja sahani. "Sikufunga, mama. Ilikuwa kona. Mpira ulinikuta nimesimama, ukanigonga hapa, ukaingia."

"Na wewe," nilimgeukia kipa, "hukusinzia?"

"Hapana, mama. Nililala vizuri." Akamtazama mwenzake, akajikuna shingo. "Mama, samahani. Najua si wakati wake. Zile karabai zetu tulizomletea marehemu… ziko chumba cha uani. Si leo. Ukishapoa."

Hapo nikaelewa. Kabla ya giza kuanza, wavuvi wote walikuwa wamemletea fundi taa zao awabadilishie utambi na kuzisafisha, na fundi akafa nazo. Nani angeingia kwa mjane aliyekaa mkekani, amwambie nipe taa yangu nikavue? Kwa aibu hiyo vijana walikuwa hawajaenda ziwani. Waliingia chini ya turubai kulala msibani kama heshima inavyotaka, na wakalala kweli. Timu ilikuwa imepata mbalamwezi yake katikati ya giza.

Sisemi marehemu alipanga. Mpira ulimgonga beki, basi. Lakini alisema haitashuka, na haikushuka.

Mtani aliinuka. Akavuta kofia, akaweka mikono kiunoni ndani ya lile koti, akaningoja. Chumba kizima kikaningoja.

"Haya, mke wangu. Sema."

"Nilikosea," nilisema. "Wewe ulisema kweli."

"Sisikii. Huku nilipo ni mbali."

"Nilikosea, mume wangu!" nikapiga kelele, na machozi yakaja yote kwa pamoja, na kicheko humo humo, mpaka wanaume wa nje wakauliza kuna nini. Shangazi akawajibu kwamba hakuna kitu, ni mpira tu.